Maji ya Juu

Mukalay alifika stesheni mchana kweupe, akipita katikati ya mikeka na masufuria ya watu huku akiomba radhi kwa kila hatua, na mkononi alishika kitu kilichofungwa kwa gazeti. Tshibola ndiye aliyemwona wa kwanza. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la nguo, binti yake Annie amelala miguuni pake, na alipolitambua shati lake la kijani alipiga makofi kwa nguvu hadi majirani wakageuka.

"Nilisema atakuya! Tata Annie, angalia, njo huyu anakuya!"

Hakuwa amesema hivyo hata kidogo. Aliyesema Mukalay atakuja ni Kanyinda, mumewe, yule tata, baba yake Annie. Tshibola alikuwa amenuna tangu walipofukuzwa mtaani, kwa sababu dawa ya Annie ilibaki nyumbani, na yeye ndiye aliyetaka kuibeba. Lakini siku ile hakuna aliyemkumbusha.

Annie alikuwa na kifafa. Bila dawa alianguka, na kwa dawa alicheza na kusoma na kugombana kama watoto wengine. Dawa hiyo aliitengeneza baba yake mwenyewe, maana Kanyinda alikuwa mtengenezaji wa dawa katika famasi ya hospitali moja pale Kolwezi, na nyumbani aliiweka ndani ya bokali, kile chombo kikubwa cha kioo chenye mfuniko. Asubuhi ya kufukuzwa, vijana walipokuja na marungu kuwatoa watu wenye asili ya jimbo la Kasai nyumba kwa nyumba, wakiwaita bilulu, wadudu, Tshibola alikuwa amelikumbatia bokali kifuani. Kanyinda alimpokonya.

"Kiyo hii itapasuka mu batu, Mama Annie. Acha. Mukalay ataileta."

Mukalay alikuwa amesimama mlangoni akilia. Alifanya kazi meza moja na Kanyinda, alikuwa baba wa ubatizo wa Annie, na kwa kuwa alizaliwa na Wakatanga pande zote mbili hakuna ambaye angemgusa. Aliapa mbele yao kwamba atailinda nyumba na ataleta dawa njia zikipoa kidogo.

Na sasa alikuwa ameleta. Kanyinda alilifungua gazeti, akatoa chupa moja ya wastani iliyojaa hadi shingoni, akaiinua kwenye jua. Akaitazama. Kisha akamtazama Mukalay, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi.

"Aksanti, ndugu yangu," alisema.

"Yaya, nilifanya ile naliweza," Mukalay alimjibu, akimwita kaka kama siku zote. Alimwekea Annie mkono kichwani, akakataa kukaa, akakataa hata maji, akarudi alikotoka. Kanyinda alibaki akiitingisha ile chupa, akiwa amewapa mgongo mkewe na Annie, na Tshibola alicheka kwa furaha kumwona, kwa kuwa alidhani sasa mambo yamekaa sawa.

Katika nyumba ya Kanyinda kila kitu kilitingishwa. Chupa ya mawese ilitingishwa, maziwa ya kopo yalitingishwa, hata wino wa shule. Jumapili Mukalay alipokuja na mkewe Henriette, wanaume hao wawili walikuwa wanaitingisha bia bila kujijua, povu linaruka juu ya kitambaa cha meza, na wake zao wanawatukana kwa kicheko. Ulikuwa ugonjwa wa kazi yao. Mikono yao haikuweza tena kumimina kitu ambacho hakijatingishwa.

Sababu yake Kanyinda alimweleza Annie tangu mtoto alipoweza kusimama kando ya meza na kuuliza maswali. Unga wa vidonge, alimwambia, haupendi maji. Ukiumwaga tu juu yake unaelea na kujikunja mafundo. Kwa hiyo unauponda kwanza hadi ulainike kabisa, unaudondoshea gliserini kidogo ili ulowe na uzoee, ndipo unaleta maji yaliyotiwa gundi ya mti. Gundi inayafanya maji kuwa mazito, na chembe zinashuka polepole. Lakini zitashuka tu, hapo hakuna ujanja. Kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba zikilala chini zinalala kwa ulegevu, ili ukitingisha ziamke zote.

"Na kama sitingishe?" Annie aliuliza.

"Siku ya kwanza utakunywa maji ya juu, hautapona. Siku ya mwisho utakunywa ya chini, utakufa. Njo maana tunatingisha."

Mukalay alikuwepo Kanyinda alipokuwa akisema hayo, na aliitikia kwa kichwa kama mwalimu mwenzake. Aliyajua yote hayo. Hata dawa ya lile bokali la mwisho alisaidia kuiponda. Gundi ilikuwa imeisha famasi, kama kila kitu kilivyokuwa kinaisha nchini mwaka ule, na Kanyinda alitumia uji wa wanga wa muhogo badala yake. Hakuupenda. Alisema wanga ule hauaminiki, na dawa ikikaa bila kuguswa inaweza kuganda chini kama saruji.

Annie alianguka stesheni siku waliyoambiwa kwamba treni imefika mji wa Tenke, inakuja. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya maji na kopo lake, akaliachia, akaenda chini mzima mzima. Tshibola alimgeuza ubavu, akamwekea kitenge chini ya kichwa, akamfuta povu mdomoni, kama alivyofundishwa. Alipoinua macho aliona watu wanavuta mikeka yao. Hawakuwa vijana wa marungu. Walikuwa Wakasai wenzake, waliolala naye kwenye kokoto moja, waliofukuzwa kwa matusi yaleyale. Mama Ngeleka, ambaye jana yake alimwazima kisu, alifunika sufuria yake ya bugali kwa mikono miwili.

"Hapana kukasirika, mama," alisema. "Miye pia niko na batoto. Ile povu inaambukizaka."

"Haiambukize! Ni ugonjwa ya kichwa!"

"Njo unasema weye."

Wakabaki peke yao na uwanja mtupu kuwazunguka, na Tshibola aliona aibu ambayo hata vijana hawakuweza kumtia. Alimngoja Kanyinda arudi kutoka kuulizia treni.

"Unamupatia dawa?"

"Namupatia. Asubui na mangaribi."

"Juu ya nini anaanguka?"

"Ni jua. Ni njala. Mutoto analala juu ya mawe, Mama Annie, unataka nini?"

Tshibola aliichukua chupa kutoka mfukoni mwa koti la mumewe. Ilikuwa angavu kama maji. Aliweza kuona vidole vyake upande wa pili.

"Na hii, juu ya nini haiko nyeupe? Ya siku zote inafananaka na maziwa."

Kanyinda aliitwaa chupa, akairudisha mfukoni. "Ni vidonge ya mupya," alisema. "Hii inayeyuka yote mu maji, sawa chumvi. Ukiweka chumvi mu maji unaionaka?"

Hapana, chumvi haionekani. Tshibola alikumbuka jinsi Kanyinda alivyowahi kumwonyesha Annie jambo hilo kwa kijiko na glasi, na akaridhika. Mume wake aliweza kudanganya juu ya saa aliyotoka baa, au juu ya bei ya viatu. Juu ya dawa hakuwahi kumdanganya mtu yeyote, na Tshibola aliweza kuapa hivyo kanisani.

Siku iliyofuata Annie alianguka tena, akajiuma ulimi. Alipoamka hakumjua mama yake kwa kitambo. Baada ya hapo Tshibola aliifungua ile chupa, akamimina tone kiganjani, akalilamba. Dawa ya Annie ilikuwa chungu na ilibaki ulimini kama chaki. Hii ilikuwa na uchungu wa mbali kabisa, na ulimi ulibaki laini. Aliifunga. Alimwambia Kanyinda anaenda kutafuta majani ya matembele, akajifunga kitenge kichwani, akatoka.

Njia ya kwenda mtaani kwao ilikuwa na kizuizi cha magogo. Alizaliwa Kolwezi, Kiswahili chake kilikuwa cha Kolwezi, na alisema bila kutetemeka kwamba anaenda Musonoi kwa dada yake. Kijana mmoja alimzunguka, akamtazama miguuni.

"Viatu ya muzuri. Vua."

Alivua. Kijana alivijaribu, havikumtosha, akavitupa juu ya paa la kibanda, wenzake wakacheka. Tshibola alicheka pia, kwa kuwa ilimbidi acheke, na akapita peku. Hasira juu ya kijana yule aliibeba moyoni hadi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Mlangoni palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: MUKALAY. Rangi ilikuwa imechuruzika.

Henriette alifungua, akaweka mkono mdomoni. "Mama Annie! Weye? Ulipita namna gani?"

"Kwa miguu. Unaona."

"Ingia, ingia mbio, batu basikuone!"

Henriette aliitazama ile miguu yenye vumbi na damu kidogo kwenye kidole, machozi yakamtoka. Alikimbilia chumbani, akarudi na ndala za bluu, akapiga magoti kumvalisha. Ndipo wote wawili wakaziona. Zilikuwa ndala za Tshibola mwenyewe, zile alizokuwa akiziweka chini ya kitanda chake. Henriette alibaki amepiga magoti, hajui azivalishe au azirudishe.

"Mama Kabemba, sikukuya juu ya ndala," Tshibola alimwambia Henriette, akimwita kwa jina la mwanawe, na akazivaa mwenyewe. "Nakuya juu ya bokali ya mutoto."

"Bokali... dawa si bwana yangu alishabapelekea?"

"Mwite."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Mukalay alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kanyinda, chenye mto alioushona Tshibola, na alikuwa amesikia yote. Alisimama. Tshibola hakumsalimia.

"Mukalay, nauliza kitu moja tu. Mbele ya kumwanga ile dawa mu chupa, uliitingisha?"

"Mama Annie, kaa kwanza..."

"Uliitingisha?"

Mtu huyu hakuweza kumimina hata bia bila kuitingisha. Tshibola alikuwa amefua vitambaa vingi vya meza kwa ajili ya mkono ule. Ili mkono ule umimine dawa taratibu, ukiinamisha bokali kidogo kidogo, ukiyateka maji ya juu na kuacha unga wote umelala chini, ulihitaji kushikwa na mwenyewe na kuzuiwa. Kusahau hakukuwezekana. Mukalay mwenyewe alilijua hilo, na hakujaribu kusema alisahau.

"Polycarpe alikuya hapa siku ile ile mulitoka," alisema. Polycarpe alikuwa mkubwa wa vijana wa chama pale mtaani, walewale wa marungu. "Alisema nyumba ya bilulu inaenda kwa batu ba chama, si kwa miye. Njo nikakumbuka mutoto wake Gradi iko anaanguka sawa Annie, na ku hospitali dawa hakuna tena. Nilimwambia: niachie nyumba, miye nitamuponesha mutoto. Ukimwanga maji ingine juu ya ile ya chini na ukitingisha, dawa inarudia yote. Unajua."

"Najua. Na wa kwangu?"

"Benu munaenda. Ku Kasai bako na badoktere..."

"Anaanguka ku stesheni, Mukalay. Mara mbili. Alijiuma ulimi. Ule uliinua juu ya maji ya ubatizo."

Henriette alianza kulia kwa sauti. Mukalay alimwambia anyamaze, na hasira aliyokosa pa kuipeleka akaigeuzia kwa mgeni.

"Usinitupie miye peke yangu. Bwana yako anajua! Aliinua ile chupa ku jua, akaona iko maji. Kanyinda asione? Kanyinda? Aliniangalia mu macho, nikasema anataka kunipiga. Akasema aksanti."

Tshibola aliliona tena lile jua, ile chupa juu, ule mgongo uliogeuka, na kicheko chake mwenyewe, mjinga mkubwa aliyepiga makofi. Alitoka kwa mlango wa jikoni bila kuaga.

Henriette alimfuata hadi kwenye ukuta wa nyuma akiwa na kitu chini ya kitenge. Lilikuwa bokali. Chini kabisa palikuwa na ukoko mweupe, mgumu, unene wa kucha.

"Alikwangula, ikakatala," alinong'ona. "Imekauka sawa simenti. Chukua. Atazani nililipasua."

Ule wanga wa muhogo, ambao Kanyinda hakuuamini, ulikuwa umemshinda mwizi. Tshibola alilikumbatia bokali. Alijua kwamba angepaswa kusema aksanti, na hakusema. Ndala alizivua akaziacha pale ukutani.

Kwenye kizuizi yule kijana aliona anaelekea stesheni, akalifungua bokali, akanusa, akawaambia wenzake kwamba kilulu hiki kimerudi kubeba uchafu wake. Wakamsukuma. Alipita katikati yao, na baadaye katikati ya mamia ya watu waliokuwa wakikimbilia behewa kwa sababu treni ilikuwa imefika, watu wenye magodoro na mbuzi na wazee mgongoni, wakisukumana kwa viwiko. Bokali halikupasuka.

Kanyinda alikuwa amepata pembe moja ndani ya behewa la mizigo, Annie yuko katikati ya miguu yake. Alipomwona mkewe anapanda na kile alichokishika, uso ulimshuka. Hakuuliza ametoka wapi.

Tshibola alikaa chini. Alisubiri apate pumzi.

"Uliona," alisema.

"Niliona."

"Tangu siku ya kwanza. Ku jua."

"Kwanza nilizani ni kosa yangu. Ni wanga, nilisema, imeganda, Mukalay ametingisha na haikuamuka." Alikuwa akizungumza na sakafu ya behewa. "Kisha nikamuangalia mu macho."

"Na ukanyamaza. Ukanieleza habari ya chumvi."

"Ningesema nini, Mama Annie? Kazi bamekamata. Nyumba bamekamata. Miye njo nilikunyanganya bokali mu mikono, nikasema iko ndugu yangu, ataleta. Ningesema hata ule ndugu hakuna, ningebakia na nini?"

"Na mutoto."

Kanyinda alifunika uso. "Maji haibakie bure," alisema nyuma ya viganja. "Kila mara inakamata kidogo ya dawa, kidogo sana. Nilimwongezea bijiko. Nilizani ile kidogo itamufikisha."

Ilikuwa kweli. Kidogo huyeyuka, na ndiyo ule uchungu wa mbali alioulamba kiganjani. Lakini Tshibola alikuwa amekwisha kuchoka na ukweli wa kidogo kidogo. Mukalay alimwuza Annie kwa nyumba, na hilo aliweza kulichukia vizuri, kwa moyo mmoja. Huyu aliyekaa mbele yake alimnywesha mtoto wake maji, asubuhi na magharibi, na kumtingishia kwanza.

Alichukua kijiko, akaanza kukwangua ukoko kwa mpini wake. Uligoma, kisha ukakatika vipande. Aliviponda kwa mgongo wa kijiko hadi vikawa unga, akadondosha maji machache kutoka kwenye ile chupa, akaulowesha unga kwanza kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote, ndipo akamimina yaliyobaki. Akafunga mfuniko. Kanyinda alinyoosha mikono yote miwili kulipokea bokali, bila kufikiri, kama mtu anayepokea mtoto wake.

Tshibola hakumpa. Alilitingisha mwenyewe, vibaya, kwa nguvu nyingi mno, na watu waliobanana nao wakamtazama. Maji yalitibuka. Hayakuwa maziwa, yalifanana na maji ya kuoshea mchele, lakini vidole vyake havikuonekana tena upande wa pili.

Treni ilishtuka, ikasimama, ikashtuka tena, na kuanza kwenda. Nje watu waliokosa nafasi walipiga mayowe.

"Kijiko ngapi?" Tshibola aliuliza.

Alichukia kuuliza. Hakukuwa na mwingine wa kumwuliza katika behewa lile, labda hata katika treni nzima.

Kanyinda alilitazama bokali dhidi ya mwanga wa mlangoni. Hakuwa na mizani, hakujua Mukalay alichukua kiasi gani na kuacha kiasi gani. "Nusu," alisema. "Nusu, na tumuchunge."

"Unajua, ao unazani?"

"Nazani," alisema.

Tshibola alimtazama sana. Kisha akamimina nusu kijiko, mkono wake mwingine ukikinga chini lisidondoke hata tone.

Annie alifungua mdomo, lakini hakumeza. Alimgeukia baba yake, kama alivyozoea kila siku, akingoja amwambie "meza." Kanyinda alianza kusema, kisha akageuzia uso mlangoni.

"Meza, mama," Tshibola alimwambia binti yake.

Annie alimeza, akakunja uso kwa uchungu. "Ni tata njo anatingishaka," alisema.

"Tangu leo ni miye," Tshibola alimjibu, na akaliweka bokali kando ya goti lake, upande usiokuwa wa Kanyinda.